Mguu wa Kushoto wa Manalegn

Hamle 8

Daftari hili nililinunua kwa hesabu za kuku, na kurasa za mbele zitabaki za kuku. Nimeligeuza. Huku nyuma naandika habari za mbwa, maana nisipoandika, mvua zikiisha wataniambia mambo hayakuwa hivyo.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi mvua ilikatika kidogo, Manalegn akatoka langoni kunyoosha miguu. Gari la farasi la Shibeshi likawa linateremka kwenye matope, limejaa magunia ya pumba. Gurudumu likampanda mguu wa nyuma wa kushoto, chini ya goti. Nilikuwa bandani naokota mayai. Nilisikia mlio nikajua si kuku.

Shibeshi ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Anakaa ng'ambo ya ukuta, katika nyumba ya baba. Mimi ndiye niliyemwuguza baba miaka sita, nikimgeuza kitandani asubuhi na jioni. Baba alipozikwa, nyumba ikaenda kwa mtoto wa kiume, mimi nikaachiwa zizi la nyuma. Kwenye zizi hilo nilianza na vifaranga hamsini. Leo nina kuku mia nne na kumi na wawili, na hakuna mtu hapa Bishoftu anayeweza kusema alinishika mkono.

Nilipomleta mbwa nikampa jina Manalegn, yaani "nina nani mimi?" Kila jioni nilisimama uani nikaliita kwa sauti ya kuvuka ukuta. Jina lile lilikuwa barua, na Shibeshi alielewa ni ya nani. Mwaka wa pili huu hajawahi kulitamka. Anasema "mbwa wako", au "huyo".

Leo pia. "Mbwa wako amejitupa chini ya gurudumu."

"Amejitupa? Amechoka kuishi?"

"Muulize yeye. Mimi nilikuwa naangalia farasi."

"Ungekuwa unaangalia njia."

Akavuta kofia yake, akasema atamleta Balcha. Mguu unaning'inia kama soksi iliyolowa.

Hamle 9

Balcha amekuja. Ni muunga mifupa. Nusu ya mikono iliyovunjika mjini hapa imepita kwake, pamoja na wa Shibeshi alipoanguka kwenye mkuyu. Alipaka siagi, akavuta, mbwa akalia, akapanga vijiti vya mianzi kuzunguka mguu na kukaza kwa vitambaa kwa nguvu zake zote, goti lake likiwa limekanyaga fundo.

"Inakaza mno," nikasema.

"Mama, mfupa ukilegezwa hauungi. Mbwa na mtu ni mfupa uleule."

Shibeshi alisimama langoni akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipa deni.

Hamle 10

Mvua kutwa. Manalegn hali. Kanu, yule paka-mwitu mla kuku, amepita juu ya ukuta akachukua wawili. Amejua mlinzi hasimami.

Hamle 12

Unyayo umevimba kama ndimu kubwa, na ni wa baridi. Una harufu. Sikumwambia mtu. Nilimweka ndani ya kapu la kusafirishia kuku, nikamfunika kwa shuka, nikasimama barabarani. Bajaji mbili zilikataa, mbwa hapandi. Dereva wa ya tatu nilimwambia ni kuku. Mbwa alipobweka, tulikuwa tumeshafika kliniki ya mifugo.

Daktari ni mwanamke, Hirut, mdogo kuliko nilivyotegemea, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akatazama vijiti.

"Nani amefunga hivi?"

"Balcha."

"Anafunga vizuri. Angekuwa anafunga kuni ningempa kazi." Akakata vitambaa vyote kwa mkasi. Ngozi chini yake ilikuwa ya kijivu. Akachukua sindano, akamchoma kidoleni. Hakuna. Akachoma cha pili. Manalegn akavuta mguu kidogo tu, kama mtu anayeota.

"Amesikia," akasema daktari. "Bado yumo humo. Ungechelewa hadi kesho, tusingekuwa na mazungumzo."

Wakampiga picha ya eksirei. Mfupa wa muundi umekatika kwa mshazari, kama muwa uliopigwa panga, ncha moja imepanda juu ya nyingine.

"Kuna njia mbili, dada," akasema. "Nikate mguu, na baada ya wiki mbili atakuwa anakimbia kwa mitatu. Mbwa hawaoni aibu. Au nimfungue nimtie chuma, halafu kazi kubwa utaifanya wewe, na huenda bado tukashindwa."

"Wa miguu mitatu ataruka ukuta wangu akimfuata kanu?"

"Hapana."

"Fisi akija langoni?"

"Atabweka."

"Kubweka naweza mwenyewe. Mtie chuma."

Akaandika kadi. Jina la mbwa? Nikamwambia. Akainua kalamu. "Ulimwita hivyo ili nani asikie?"

"Yupo ng'ambo ya ukuta."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Amembakiza hapo mpaka uvimbe upungue.

Hamle 14

Nilisimama dirishani wakati wa upasuaji. Hawakunifukuza. Walimpa nusukaputi, wakamnyoa mguu mpaka ukawa kama wa mbuzi wa sikukuu. Daktari alifungua ngozi kutoka goti hadi karibu na kifundo, akashika vipande viwili vya mfupa kwa koleo, akavivuta vikabishana, vikabishana, halafu vikaingiana. Kisha bamba la chuma lenye matundu manane, drili, skrubu. Alitumia saba. Tundu moja lilikuwa juu ya ufa wenyewe, akaliacha wazi.

Alipotoka alinionyesha picha. Mfupa umenyooka kama rula.

"Usishangilie," akasema. "Chuma hakiponyi. Chuma kinashikilia tu wakati mfupa unafanya kazi yake. Ni mashindano kati ya mfupa kuunga na chuma kuchoka. Wiki nane hakimbii, haruki, hapandi ngazi. Anatoka kwa kamba, anakojoa, anarudi. Akiruka mara moja, umenirudisha mwanzo."

Nikasema kuku mia nne wananitii, mbwa mmoja hatanishinda.

Hamle 16

Nimemweka kwenye chumba cha vifaranga, kwenye joto la taa. Nimemtengea kona kwa mbao zinazofika gotini kwangu. Vifaranga wanamchungulia.

Nimepata njia ya kujua ukweli bila kumtegemea mtu. Nina mizani ya kupimia kuku. Naiweka chini pamoja na matofali matatu ya urefu uleule, kila mguu na mahali pake, na mguu ninaotaka kuujua juu ya mizani. Mbwa mzima ana kilo ishirini na nne. Mguu wa nyuma wa kulia leo: kilo saba. Wa kushoto: sifuri. Ameukunja tumboni.

Hamle 19

Sifuri.

Hamle 21

Sifuri. Shibeshi kachungulia juu ya ukuta. "Watu wanasema dada yangu amempeleka mbwa hospitali, amelazwa kitandani."

"Waambie kitanda kilikuwa kizuri kuliko cha kwako."

"Etenesh, wapo watu hawana dawa."

"Nani aliwavunja, mimi?"

Akashuka. Lile jiwe analokanyaga kuchungulia ukuta ni mimi niliyemsaidia baba kulisogeza pale.

Hamle 25

Nyuzi zimetolewa. Mizani: gramu mia nne. Nilipima mara mbili nikidhani kifaranga amepanda.

Hamle 30

Kilo moja na robo. Uani kwenye matope sasa naona alama tatu, na kando yake ya nne, hafifu, vidole tu. Nilisimama kwenye mvua nikiiangalia hadi ikajaa maji.

Nehase 1

Mfungo wa Filseta, wa Bikira Maria, umeanza, hadi tarehe kumi na sita: hakuna nyama, mayai wala maziwa. Bucha zimefungwa. Daktari alisema mfupa hauungi kwa mkate mkavu. Basi atakula mayai, manne kwa siku, ya kuchemsha. Mimi nakula shiro, mchuzi wa unga wa dengu.

Nehase 2

Nimetoka kliniki sasa hivi. Nguo zimelowa, naandika hivyohivyo.

Wavulana wameanza mijeledi. Buhe, sikukuu ya wavulana kuimba malangoni wapewe mkate, ni tarehe kumi na tatu, na kila mwaka wanasokota kamba za katani siku nyingi kabla na kuzipiga hewani njiani, zinalia kama bunduki. Nimezisikia maisha yangu yote, hata sikuziwaza. Niliwaza ukuta, ngazi, fisi, paka. Sikuwaza mijeledi.

Nilifungua mlango wa chumba cha vifaranga kumtoa akojoe. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, bado haijafika shingoni. Nyuma ya ukuta mvulana akapiga mmoja, karibu, tena mkavu. Manalegn akaruka mbao zote, akanipita, akatua kwenye saruji ya mlangoni kwa mguu uleule. Nilisikia mlio mdogo kama wa kuvunja biskuti. Hakulia. Alikaa chini akanitazama.

Nilimbeba mpaka njiani. Kilo ishirini na nne, mvua ya mawe. Bajaji hakuna hata moja. Nilikuwa nimeshaanza kutembea naye mikononi Shibeshi alipotokea na gari lake, ameshaligeuza, farasi anatoa mvuke.

"Panda."

Gari lilelile. Gurudumu lilelile. Nilipanda nikakaa nimempa mgongo. Kwenye mashimo alishuka akamwongoza farasi kwa mkono, matope yakimfika magotini. Naandika hili kwa sababu lilitokea, si kwa sababu nimemsamehe.

Daktari alitundika picha kwenye taa. Hata mimi niliona. Skrubu tatu za chini zimeng'oka, bamba limepinda kama kijiko, na ufa umefunguka mdomo.

"Kamba ilikuwa wapi?" akauliza.

"Mkononi."

"Sikuiandikia mkono."

Akakaa. "Sikiliza, dada Etenesh. Mfupa ule umeshachoka kutobolewa. Bamba lingine siwezi kulitia. Naweza kumwekea fremu ya nje: misumari inapita kwenye ngozi inaingia mfupani juu na chini ya ufa, na huku nje inashikwa na fito ya chuma. Ufa wenyewe sitautia chuma, ila nitaujaza mfupa laini, ule wa ndani ulio kama sponji, ili uanze kuota upesi."

"Huo unautoa wapi?"

"Kwake mwenyewe. Begani. Wa mwingine mwili unaweza kuukataa. Wake mwenyewe unaota."

Hilo halikuhitaji kurudiwa. Mimi mwenyewe sina kitu mwilini wala uani nilichopewa na mwingine kikaota.

"Lakini hii ni ya mwisho," akasema. "Ikishindikana nakata, na hutabishana nami."

"Ikishindikana sitabishana."

Shibeshi alikuwa bado nje, gunia kichwani, anamsugua farasi. Hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe: "Jumatano wanampasua tena." Akaitikia kwa kichwa. Tulirudi hivyohivyo, migongo.

Nehase 4

Amepasuliwa. Misumari sita, mitatu juu, mitatu chini, fito moja. Begani ana kidonda kipya cha sentimita tatu. Daktari alichota mfupa laini kwa kijiko kidogo kama cha chumvi, mwekundu, akaujaza kwenye ufa kwa uangalifu kuliko mtu anayejaza sambusa. Kazi ilipokwisha akanawa mikono. Nikampa trei ya mayai. Akasema anafunga. Nikamwambia yatakaa mpaka tarehe kumi na sita.

Nehase 6

Kila asubuhi maji yaliyochemshwa na chumvi, kitambaa safi, kila msumari unasafishwa pale unapoingia. Kamba iko shingoni muda wote, hata akilala, na mwisho wake umefungwa kwenye nguzo. Mbao nimezipandisha hadi kifuani kwangu. Nimejaza pumba kwenye magunia nikayapanga ukutani kuzuia sauti. Mizani: sifuri.

Nehase 8

Shibeshi juu ya jiwe lake. "Etenesh. Watu wanasema unakula mayai kwenye mfungo."

"Watu gani?"

"Wameona maganda jaani. Mengi. Wanasema kila asubuhi."

"Waambie ni ya mbwa."

"Nani ataamini mbwa anachemshiwa?"

"Waambie hajabatizwa, hana mfungo."

Alitaka kucheka, akakohoa. "Habari itamfika padri wako."

"Itamfika kwa miguu ya nani?"

Akashuka. Nimekasirika mpaka nimesahau chumvi kwenye shiro.

Nehase 9

Leo maganda hayapo jaani. Hata moja. Shibeshi ameyachukua yawe ushahidi. Sawa, apeleke. Nitasimama mbele ya padri nikiwa na mbwa na fito yake ya chuma.

Nehase 11

Keshokutwa ni Buhe. Mijeledi tangu alfajiri. Kila mmoja ukilia Manalegn anatetemeka mpaka fito inagonga ukuta, na mimi namkalia kama kuku anayeatamia.

Mchana nikatoka. Wavulana tisa kwenye kona, mijeledi mirefu kuliko wao. Sikuwafokea. Ukimfokea mvulana siku mbili kabla ya Buhe umempa wimbo.

"Nani mkubwa wenu?"

Mmoja mwenye meno ya mbele yaliyovunjika akajitokeza. Nikamwambia: mkija kuimba langoni kwangu, kila mmoja atapata mkate mzima, si kipande, na yai la kula mfungo ukiisha. Sharti moja: mjeledi usilie kati ya kona hii na ile.

Wakatazamana. "Mama Etenesh, sasa tupige wapi? Kule shuleni mlinzi anatufukuza. Kanisani kuna ibada. Buhe bila mjeledi si ni kuimba tu kama wasichana?"

Ndipo sauti ikatoka juu ya ukuta. "Kwenye ukingo wa ziwa, wajinga nyie." Shibeshi, anatafuna unyasi. "Mjeledi ukipigwa pale juu unalia mara mbili. Wako, halafu ule wa ng'ambo unaokujibu. Mimi nilikuwa nikiupiga mmoja unasikika mara tatu."

"Uongo," akasema mwenye meno.

"Panda gari nikuonyeshe."

Wakapanda wote tisa. Kwa mbali, baadaye, nilisikia kama radi ndogo upande wa ziwa. Manalegn aliinua sikio moja, akalilaza.

Angalau mara moja amesema jambo la maana. Nakumbuka mjeledi wake wa utotoni. Ni kweli ulisikika mara tatu.

Nehase 13

Buhe. Wameimba vizuri. Mikate tisa, hesabu ya mayai iko kurasa za mbele. Hakuna mjeledi uliolia.

Nehase 16

Mfungo umekwisha. Trei ya daktari imefika. Kanu amechukua kuku mmoja tena. Tangu Hamle jumla saba, wengine nimewaandika kurasa za mbele.

Nehase 20

Mizani: gramu mia sita.

Nehase 22

Msumari wa pili kutoka chini unatoa usaha, wa njano kisha wa kijani. Manalegn ana moto masikioni. Amekataa yai. Mizani: sifuri, na nilipomsimamisha aliukunja mguu juu kuliko mwanzo kabisa.

Nimempeleka kwa gari la Shibeshi. Sikuomba, nilifungua lango likawa pale.

Daktari aliutikisa msumari kwa vidole viwili, ukacheza. Akautoa palepale, ukatoka bila kubisha, akasukuma maji ndani ya tundu mpaka yakatoka meupe. "Imebaki mitano. Chini imebaki miwili. Mmoja mwingine ukilegea sina pa kushika." Akanipa dawa ya sindano, kila saa kumi na mbili. "Nani atamchoma?"

"Nimechoma kuku elfu moja kwa mkono huu."

"Mbwa ana meno."

"Hata kuku wana makucha."

Akanitazama kidogo. "Dada, naomba uanze kuzoea lile neno, kukata. Sisemi ndiyo. Nasema lizoee."

Sikulizoea. Njiani Shibeshi akauliza mara ya kwanza, bila kugeuka: "Wanakata?"

"Hawakati."

"Daktari kasema hivyo?"

"Mimi nimesema hivyo."

Nehase 23

Sindano mbili. Hajala. Sifuri.

Nehase 24

Sindano mbili. Amelamba supu. Sifuri.

Nehase 25

Usaha umepungua. Amekula yai na ganda lake. Sifuri, lakini ni sifuri ya mbwa aliyeshiba.

Nehase 28

Gramu mia tatu.

Nehase 30

Picha. Daktari aliitundika, akasogea, akavua miwani, akaivaa tena. Akaniita kwa kidole.

Ufa bado upo, mstari mweusi. Lakini pande zote umezungukwa na kitu cheupe, hafifu, kama mvuke wa sufuria juu ya kioo. Kinaanza mfupa wa juu na kinashuka mpaka wa chini bila kukatika. Nilifuata kwa kucha, nikapita ufa, sikupata pengo.

"Ni nini hicho?"

"Mfupa mchanga. Bado laini. Unajenga daraja kwanza, halafu utalipunguza na kulikaza."

"Ule wa begani?"

"Wa begani ulianzisha. Sasa mwili wote unafanya kazi." Kisha akasema, "Nilishaandaa msumeno, nikwambie tu."

"Nilijua."

"Na hukusema kitu."

"Nilikuahidi sitabishana."

Pagume 3

Siku ya Mtakatifu Rufaeli, katika huu mwezi mfupi wa siku tano. Mvua ya leo ina baraka. Watoto wote wako nje uchi, wanaichezea, na wakubwa wanakinga kwenye beseni.

Nilikwenda sokoni kununua pumba. Nilimwacha Manalegn amefungwa kwenye nguzo, mlango kwa komeo. Niliporudi, mvua imeshika, komeo limefunguliwa, nguzo ni tupu.

Nilimwona kutoka mlangoni. Katikati ya uwanja wangu, kwenye mvua yenyewe, Shibeshi amepiga magoti kwenye matope amemkumbatia mbwa kifuani. Daktari alisema misumari isiguswe na maji machafu. Alisema mara tatu, mara moja akimtazama Shibeshi mwenyewe. Niliangusha gunia. Nilikwenda nikiwa na kila neno tangu siku ya mazishi ya baba, nimelipanga mdomoni kwa mfuatano.

Nilipofika nikaona mguu. Ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake mwingine, na juu yake mwingine. Mitatu. Umefungwa juu ya goti kwa kitambaa laini, si kwa kamba. Nikaingiza kidole chini ya fundo. Kiliingia. Kilizunguka bila taabu.

"Balcha alikaza," akasema Shibeshi, mvua ikimtiririka puani. "Mimi nimelegeza. Pima mwenyewe."

"Nani alikwambia umtoe?"

"Rufaeli ni mponyaji. Mara moja kwa mwaka. Mbwa hajabatizwa, nikaona angalau alowe."

Mbwa alikuwa amefumba macho, ulimi nje, anakunywa mvua. Nikauinamia kuukinga mvua, nikaufungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kukavu kama kiberiti.

"Maganda ulipeleka wapi?" nikauliza.

"Maganda gani?"

"Ya mfungo."

Akaonyesha kwa kidevu upande wake wa ukuta. "Nimefukia kwenye pilipili. Watu wana macho sana."

Yale maneno yote niliyoyapanga yalikuwa bado mdomoni. Sikuyatupa. Niliyarudisha nilikoyatoa, maana mengine ni ya kweli na siku yake itafika. Nikamwambia amrudishe ndani mbwa kabla hajapata mafua. Akambeba. Nikamshikia mlango.

Meskerem 1

Mwaka Mpya. Kuku wote wa sikukuu wameondoka kabla ya saa nne asubuhi. Wasichana wamekuja na maua ya njano na wimbo. Mizani: kilo mbili na gramu mia saba.

Meskerem 9

Kilo tatu na nusu. Mvua zinakatika.

Meskerem 14

Misumari imetoka, mitano. Daktari aliushika mfupa juu na chini ya ufa akaupinda kwa nguvu. Haukucheza. Akanipa niupinde mimi. Nilipapasa, nikakuta uvimbe mgumu kama kokwa la parachichi pale ulipokatika.

"Utapungua," akasema. "Lakini kidogo kitabaki. Na asubuhi za baridi atachechemea."

"Hata mimi nachechemea."

Aliomba nimwonyeshe ile mizani. Nilikuwa nimekuja nayo. Tukapanga matofali sakafuni mwa kliniki. Kulia: kilo tano na gramu mia mbili. Kushoto: kilo nne na gramu mia moja. Akayaandika kwenye kadi yake, akapiga mstari chini.

Meskerem 16

Kesho ni Meskel, sikukuu ya Msalaba, na leo jioni tunawasha moto wake. Jua tangu asubuhi. Nimemwachia Manalegn bila kamba kwa mara ya kwanza, lango wazi, mimi nimekaa juu ya ndoo.

Alizunguka banda. Alinusa ukuta alikopita kanu, akakojoa hapo kwa mguu wa kulia ulioinuliwa, amesimamia wa kushoto. Kisha akatoka njiani.

Gari la Shibeshi lilikuwa linateremka, limejaa kuni za moto wa jioni. Manalegn alilisikia. Nilisimama. Hakukimbia. Alikwenda akasimama katikati ya njia, mbele ya farasi, manyoya ya shingoni juu, akabweka. Farasi akapiga breki. Shibeshi akavuta hatamu.

"Mwambie anipishe," akanipigia kelele.

"Mwambie mwenyewe."

"Hanisikilizi."

"Hujamwita."

Alikaa juu ya kuni zake akigeuzageuza hatamu mkononi. Wanawe wote wako mbali, mkewe alikwenda kwao miaka minne iliyopita, na kwenye nyumba ile ya baba ya vyumba vitano anawasha taa moja. Nilijua hayo yote. Sikuwahi kuyaandika. Madai yangu ya nyumba yako palepale, na baada ya sikukuu nitamwita tukae na wazee tuyamalize. Lakini nilingojea.

Akavua kofia. Akalisema polepole, kama mtu anayesoma bango.

"Manalegn."

Mbwa akanyamaza. Akamtazama, akanitazama mimi, kisha akasogea pembeni, taratibu, gari likapita. Lilipotoweka kwenye kona nilikwenda kuangalia matope pale aliposimama. Alama nne, na ya nyuma kushoto ina vidole vyote na kisigino.

Kurasa zilizobaki nazirudisha kwa kuku.